Mapipa ya mlipuko: Kutoka skrini ya gemu hadi karakana ya jua kali

Na MWANDISHI WETU

MTOTO aliyezoea michezo ya video hahitaji kuelezwa maana ya pipa jekundu. Hata kabla ya kusoma neno lolote kwenye skrini, anajua kwamba chombo hicho kitalipuka kikigongwa, kikipigwa risasi au kikirushwa ukutani. Anajua pia kwamba mlipuko huo utamfaa iwapo adui yake ndiye aliye karibu, na utamwangamiza iwapo aliye karibu ni yeye mwenyewe. Sheria hii huipati imeandikwa popote, lakini yafahamika Tokyo na London sawasawa na Kona Baridi.

Kona Baridi ni kituo kidogo katika Kaunti ya Kajiado, mahali ambapo barabara ya Magadi huanza kuteremka kuelekea sakafu ya Bonde la Ufa. Jina lake lajieleza, kwani upepo upandao kutoka bondeni humlazimu mgeni kutafuta koti hata wakati wa jua. Kama ilivyo Kiserian, Kitengela na vituo vingine vinavyokua upesi katika kaunti hiyo, hapa vibanda vya biashara vimepangana bila kuulizana. Si ajabu kukuta chumba cha mabati chenye runinga na mashine ya gemu, ambamo watoto hulipa sarafu chache ili wacheze, kikipakana na karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma.

Alasiri moja, mwandishi wa makala haya alikuwa amesimama baina ya vibanda viwili vya namna hiyo. Upande mmoja, mhusika wa gemu alikuwa akirukia mapipa yaliyokuwa yakilipuka moja baada ya jingine, huku watoto wakishangilia. Upande wa pili, fundi alikuwa amelilaza chini pipa la chuma la lita 200, tayari kulipasua kwa moto wa gesi ili atengeneze birika la kunyweshea ng'ombe. Mvulana mmoja, wa umri wa miaka tisa au kumi hivi, alikuwa ameketi juu ya pipa la pili lililosubiri zamu yake. Alipoulizwa kama haogopi, alijibu kwa uhakika wa mtaalamu kwamba lile halingeweza kulipuka kwa sababu rangi yake ilikuwa buluu.

Jibu hilo ndilo lililozaa makala haya. Pipa la kwenye skrini lina historia yake, nalo pipa la karakana lina fizikia yake, na mambo haya mawili hayafanani kama yanavyoonekana.

PIPA LILIVYOINGIA MCHEZONI

Michezo ya majukwaa ni ile ambayo mhusika hukimbia, hupanda na kuruka kutoka kidato kimoja hadi kingine, akikwepa mashimo na maadui hadi afike mwisho wa safari. Mzazi asiyeicheza ataitambua kwa jina la Mario, yule fundi mwenye masharubu na kofia nyekundu.

Mario mwenyewe alizaliwa akikimbizwa na mapipa. Mnamo 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilikuwa na shida ya kibiashara. Mashine zake za mchezo uitwao Radar Scope zilikuwa zimekosa wanunuzi wengi nchini Marekani, na kijana mmoja aliyekuwa msanii wa kampuni hiyo, Shigeru Miyamoto, akapewa kazi ya kubuni mchezo mpya ambao ungetiwa ndani ya mashine zizo hizo. Matokeo yake yalikuwa Donkey Kong. Ndani yake, sokwe mkubwa aliyemteka mwanamke hupanda juu ya jengo la vyuma lililo nusu kujengwa, kisha humtupia mwokozi mapipa ya mbao yanayoviringika kwenye miteremko. Mwokozi huyo aliitwa Jumpman wakati huo. Jina la Mario lilikuja baadaye.

Mchezaji aliyeruka juu ya pipa alipata alama 100. Aliyefanikiwa kushika nyundo aliweza kuyavunja mapipa na kupata alama 300, 500 au hata 800. Hivyo basi, tangu siku ya kwanza, pipa lilikuwa na nyuso mbili: lilikuwa hatari ya kukwepwa, na papo hapo lilikuwa mali ya kuvunwa.

Watu wengi husahau pipa jingine lililokuwamo katika mchezo huo. Chini kabisa, upande wa kushoto, palisimama dramu la mafuta lililokuwa likiwaka moto mdomoni. Pipa la buluu lilipoviringika na kulifikia, mwali ulio hai uliruka kutoka ndani na kuanza kutangatanga jukwaani ukimwinda mchezaji. Kwa hiyo yule mvulana wa Kona Baridi angecheza mchezo huu, angegundua kwamba katika kizazi cha kwanza pipa la kuogopwa lilikuwa hilo la buluu.

Donkey Kong ilikuwa miongoni mwa michezo mitatu iliyouzwa pamoja na mashine ya nyumbani ya Famicom ilipozinduliwa Japani mnamo Julai 1983. Mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom zilipoenea duniani katika miaka ya 1990, zikiwa na kaseti zilizodai kubeba mamia ya michezo, sokwe na mapipa yake walisafiri nazo. Wasomaji wengi walio na umri wa zaidi ya miaka thelathini hivi leo walikutana naye kwa njia hiyo, wala si kwa mashine halisi ya Nintendo.

KASHA LINALOHESABU

Baruti yenyewe ilipata nafasi kubwa zaidi mwaka wa 1994, wakati kampuni ya Uingereza iitwayo Rare ilipotoa Donkey Kong Country. Safari hii sokwe ndiye shujaa, na mapipa ndiyo lugha nzima ya mchezo. Lipo pipa la kawaida la kumrushia adui. Lipo la chuma ambalo mchezaji aweza kulipanda na kulitembeza kwa miguu. Lipo lililomfungia rafiki anayengoja kuokolewa, na lipo linalomfyatua mchezaji angani mithili ya mzinga. Katikati ya hayo lipo pipa lenye herufi TNT, ambalo hulipuka linapogonga kitu, na ambalo mchezaji mjanja hulitumia kubomolea kuta zinazoficha vyumba vya zawadi. Katika hatua za kiwandani yapo madramu ya mafuta yanayotoa moto na kuzimika kwa mpigo maalumu. Mchezaji hujifunza kuhesabu, kisha hukanyaga juu ya dramu moto unapozimika na kuruka kabla haujarudi.

Miaka miwili baadaye, Crash Bandicoot ya kampuni ya Naughty Dog ilichukua wazo hilo na kuliweka kwenye kasha la mbao. Waundaji wake wamesimulia kwamba mashine ya PlayStation haikuwa na uwezo wa kuchora vitu vingi kwa wakati mmoja, na kwamba jukwaa lilionekana tupu. Kasha, lenye pande sita bapa, lilikuwa kitu rahisi mno kukichora. Makasha ya zawadi yalipokwisha kuwekwa, lile la TNT likafuata. Mchezaji akilikanyaga, kasha huhesabu tatu, mbili, moja, ndipo lilipuke. Akilipiga kwa kujizungusha, hulipuka papo hapo. Toleo la pili, la 1997, lilileta kasha la kijani kibichi liitwalo Nitro, ambalo halihesabu wala halisubiri: guso moja tu latosha.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, makasha hayo mawili ni somo bora la ubunifu. La kwanza lampa mchezaji nafasi ya kukosea na kukimbia. La pili lamnyima. Kwa tofauti hiyo ndogo, mtoto hujifunza kusoma jukwaa kwa macho kabla ya kuinua mguu. Katika Rayman 2 ya kampuni ya Ubisoft, iliyotoka 1999, mambo yalikwenda mbali zaidi: mchezaji hubeba vipipa vya baruti ili kubomoa milango, na kipipa kikishika moto hugeuka fataki kubwa ambayo yeye huipanda na kuruka nayo hewani.

Hata hivyo, aliyelifanya pipa la mlipuko kuwa desturi ya dunia hakutoka katika michezo ya majukwaa. Doom, mchezo wa kufyatua risasi uliotolewa mwaka wa 1993 na id Software ya Marekani, ulijaza vyumba vyake mapipa ya kijivu yenye uchafu wa kijani. Mchezaji aliyekuwa amebakiwa na risasi chache aliweza kulipiga pipa moja na kuangamiza kundi zima la maadui lililosimama kando yake. Rangi nyekundu ilizoeleka baadaye, na iliposhika mizizi haikuondoka tena. Wapo watengenezaji walioonja dhihaka kwa sababu hiyo: mnamo 2000 wavuti mmoja wa ucheshi wa Marekani, Old Man Murray, ulianza kuipima michezo kwa sekunde zinazopita kabla mchezaji hajaona kasha au pipa la kwanza. Michezo mingi haikuchukua muda.

Jinsi pipa hilo linavyofanya kazi ndani ya programu ni jambo rahisi. Kompyuta hulipa pipa nambari inayowakilisha uhai wake. Katika Doom nambari hiyo ni 20, na kila risasi huipunguza. Ikifika sufuri, programu huchora mlipuko, kisha hupima umbali wa kila kiumbe kilicho karibu na kukitoza madhara. Madhara ya juu kabisa katika Doom ni 128, nayo hupungua kadiri kiumbe kinavyokuwa mbali. Kwa kuwa pipa jirani nalo huhesabiwa kuwa kiumbe chenye uhai wa 20, hulipuka pia, na la tatu vilevile, hadi safu nzima iteketee.

Mbona pipa, wala si gunia au mtungi wa udongo? Sababu ya kwanza ni wepesi wa kulichora. Sababu ya pili ni kwamba kila mtu duniani ameona pipa la mafuta, na kwa hivyo mtengenezaji haitaji kumweleza mchezaji chochote. La tatu, na huenda hili ndilo kubwa zaidi, ni kwamba pipa humpa mnyonge silaha. Mchezaji asiye na kitu, akitumia akili na kusubiri, aweza kumshinda mwenye nguvu. Utamu huo hauhitaji tafsiri, na wabunifu wa Kenya nao wamekuwa wakiujua tangu Wesley Kirinya alipotengeneza The Adventures of Nyangi mnamo 2007, mpaka Nairobi X ya Andrew Kaggia ya 2015, ambamo jiji kuu la Kenya lenyewe ndilo uwanja wa vita.

PIPA LA KWELI

Pipa la chuma la lita 200, ambalo mafundi wetu huliita dramu, nalo lina asili ya kusisimua. Hati za uvumbuzi wa muundo wake ziliandikishwa Marekani mnamo Desemba 1905 kwa jina la Henry Wehrhahn, aliyekuwa akifanyia kazi kampuni ya Iron Clad jijini New York. Mwenye kuisimamia kampuni hiyo alikuwa mwanahabari. Alikuwa Nellie Bly, yule mwanamke aliyeizunguka dunia kwa siku 72 kati ya 1889 na 1890 kwa niaba ya gazeti lake, na ambaye baadaye aliolewa na mwenye kiwanda. Mikunjo miwili ya chuma inayolizunguka pipa tumboni ndiyo inayomwezesha mtu mmoja kuliviringisha likiwa limejaa, jambo ambalo sokwe wa Nintendo alilifanya kuwa vita.

Katika Kajiado, pipa la aina hii ni mali. Hukinga maji ya mvua chini ya mabati. Likipasuliwa kwa urefu hugeuka mabirika mawili ya mifugo. Likifunguliwa na kunyooshwa huwa bamba la mlango, na likikatwa vipande hutoa majiko. Kabla ya kumfikia fundi, hata hivyo, lilibeba kitu kingine: petroli, dizeli, mafuta ya mashine, rangi, gundi au dawa ya kuogeshea mifugo. Fundi mara nyingi hajui ni kipi. Maandishi yamefutika, na muuzaji hana habari.

Hapa ndipo kanuni za gemu zinapogeuka kinyume. Pipa lililojaa petroli, likipigwa risasi ya kawaida, kwa kawaida huvuja tu. Petroli iliyo kimiminika hailipuki. Kinacholipuka ni mvuke wake ukiwa umechanganyika na hewa kwa kiasi maalumu. Mvuke ukiwa chini ya takriban asilimia 1.4 ya mchanganyiko, hauwaki kwa kuwa ni haba. Ukizidi takriban asilimia 7.6, hauwaki kwa kuwa hewa haitoshi. Katikati ya viwango hivyo viwili, cheche moja yatosha. Ndani ya pipa lililojaa, ile nafasi ndogo iliyobaki juu ya kimiminika huwa na mvuke mwingi kupita kiasi. Ndani ya pipa linaloitwa tupu, mvuke uliobaki waweza kuangukia katikati kabisa.

Hesabu yake yatisha. Pipa la lita 200 huhitaji takriban lita 2.8 za mvuke ili kufikia kiwango cha chini cha kulipuka. Kiasi hicho cha mvuke hutokana na mililita 15 hivi za petroli, yaani kijiko kimoja cha mezani. Vijiko vitano vyatosha kulifikisha karibu na kiwango cha juu. Petroli iliyojibanza kwenye ukingo wa chini baada ya pipa kugeuzwa na kukung'utwa ni kiasi hicho hicho. Nayo hutoa mvuke katika baridi yoyote ambayo Kona Baridi yaweza kuileta, kwani petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika nyuzijoto 40 chini ya sufuri.

Mvuke unapowaka ndani ya chombo kilichofungwa, shinikizo laweza kupanda hadi mara saba au nane ya lile la hewa ya kawaida. Pipa halikuundwa kustahimili hayo. Kitako chake hung'oka na kuruka, na fundi mara nyingi huwa ameinama juu yake au amelipiga goti ili lisiviringike. Hakuna tatu, mbili, moja. Ama kuhusu tabia, pipa la kweli lafanana na kasha la Nitro, isipokuwa kwamba halina rangi ya kuonya. Rangi ya pipa ni chaguo la kiwanda kilicholinunua, na buluu hupakwa mapipa ya kila aina ya bidhaa.

Dizeli na mafuta ya mashine huwapumbaza hata mafundi wazoefu. Ni kweli kwamba hayatoi mvuke wa kutosha katika joto la kawaida, na kibiriti kikitumbukizwa ndani huenda kikazimika. Lakini moto wa gesi unapopita juu ya chuma, joto lake huyachemsha mabaki yaliyoganda upande wa ndani, na mvuke hujitengeneza wakati uo huo ambapo mwali uko tayari kuuwasha. Fundi aliyepasua mapipa kumi ya dizeli kwa usalama hana dhamana yoyote kuhusu la kumi na moja.

Mwandishi huyu anamfahamu fundi mmoja, katika mji ambao hautatajwa, aliyepoteza jicho moja na vidole viwili kwa namna hiyo. Pipa lake lilikuwa limekaa juani kwa miezi mitatu bila kizibo, naye aliamini kwamba jua lilikuwa limekwisha kulisafisha. Mwenye karakana alimlipia gari la kumpeleka hospitalini, na habari ikaishia hapo. Hakuna aliyeandika popote kwamba ajali ilitokea.

MALI ILIYOMWAGIKA

Kanuni moja ya gemu, kwa bahati mbaya, imepata kutimia nje ya skrini katika eneo letu, nayo ni ile ya pipa kuwa mali na hatari kwa wakati mmoja. Mnamo Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Wakazi walifika na ndoo na mitungi kuyateka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mnamo Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja kutoka bomba yalifuata mtaro hadi kijiji cha Sinai katika eneo la viwanda la Nairobi, na watu wapatao 100 wakateketea. Usiku wa Julai 2021, huko Malanga katika Kaunti ya Siaya, watu wasiopungua 13 waliangamia kando ya lori jingine.

Majirani hawakusalimika. Julai 2, 2010, lori lilipinduka katika kijiji cha Sange, mashariki mwa Kongo, na zaidi ya watu 230 wakafa. Wengi wao hawakuwa wakiteka mafuta, bali walikuwa wamejazana ukumbini wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Agosti 10, 2019, ikawa zamu ya Morogoro nchini Tanzania, ambako zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Itakuwa kosa kuwatupia lawama watengenezaji wa gemu kwa mikasa hiyo. Waliokufa Sachangwan hawakuponzwa na sokwe wa Nintendo. Waliponzwa na uhitaji, na kwa kuwa petroli iliyomwagika barabarani huonekana kama maji tu. Kile ambacho macho hayakioni ni mvuke wake, ulio mzito mara tatu au nne kuliko hewa, ambao hutambaa chini, hujaa mitaroni na kuufikia moto wa jikoni ulio mbali. Yeyote aliyekwisha kuisikia harufu yake yumo tayari ndani ya jukwaa. Karai, karibu na Naivasha, usiku wa Desemba 10, 2016, lori lililobeba kemikali liligonga magari mengine na kulipuka. Takriban watu 40 walikufa, wakiwemo maafisa 11 wa polisi, na wengi wao walikuwa wasafiri tu waliokuwa wakipita.

Kanuni ya safu ya mapipa nayo ni ya kweli zaidi ya inavyodhaniwa. Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililokuwa na gesi lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi jijini Nairobi, na mitungi ikaruka na kueneza moto. Watu watatu walitangazwa kufa siku hiyo na wengine wakafariki baadaye hospitalini, huku zaidi ya 200 wakijeruhiwa. Gesi ya kupikia huhifadhiwa ikiwa kimiminika, na lita moja ikitoka hutanuka kuwa takriban lita 250 za gesi. Mtungi uliozungukwa na moto hupasuka, na moto wake huufikia ulio jirani. Programu ya Doom ilifanya hesabu hiyo hiyo, ila hapa mchezaji hana maisha matatu.

NYUNDO NA MAJI

Mafundi wa jua kali si wajinga wa hatari hii. Msomaji akipita Kamukunji jijini Nairobi atasikia kelele za nyundo tangu mbali. Sehemu ya kelele hizo hutoka kwa watu wanaofungua mapipa kwa tindo, kipande kwa kipande. Njia hiyo ni ya polepole na huumiza masikio, lakini haihitaji mwali wa moto, na pipa likiisha kufunguliwa kitako halina tena mahali pa kulimbikiza shinikizo. Nyundo aliyopewa Jumpman mnamo 1981 bado ndiyo silaha nafuu kuliko zote.

Anayelazimika kutumia moto ana njia nyingine. Kwanza, vizibo vyote viwili vitolewe na visirudishwe. Pili, mabaki yamwagwe, kisha pipa lioshwe kwa maji moto na sabuni zaidi ya mara moja. Kusuuza kwa maji baridi hakuondoi kitu kilichoganda ukingoni. Tatu, pipa lijazwe maji hadi chini kidogo ya mstari utakaokatwa, ili nafasi iliyobaki kwa mvuke iwe ndogo mno. Pipa lililobeba dawa ya mifugo au kemikali isiyojulikana lisigeuzwe la kuwekea maji ya kunywa hata likioshwa vipi. Watoto wasikae karibu, sembuse juu yake.

Tatizo ni hayo maji. Pipa moja humeza mitungi kumi ya lita 20. Wakati wa kiangazi Kajiado, maji hubebwa kwa punda au hununuliwa kwa mtungi, na fundi anayemwagia pipa mitungi kumi kabla hajalikata huwa ameila faida yake kabla ya kazi kuanza. Mteja naye hataki kuongeza hata shilingi kwa ajili ya hatari ambayo haioni.

Yule fundi wa Kona Baridi, alipoulizwa kuhusu jambo hilo, aliweka chini mpira wake wa gesi na kuonyesha pipa la tatu lililosimama nyuma ya kibanda, limejaa maji meusi yenye utando wa mafuta juu. Hayo ndiyo maji yake ya kazi, na hayamwagi. Huyahamisha kwa mpira kutoka pipa hadi pipa, wiki nzima, mpaka yapungue. Alimtaka mvulana ashuke kwenye lile la buluu, akalisimamisha, akachomeka ncha ya mpira ndani yake, akavuta kwa mdomo hadi maji yakaanza kutiririka, akatema mate na kungoja lijae.